Umbo la Kuazima: Namna Miunganisho ya Tor Inavyojificha Mbele ya Wadhibiti wa Intaneti

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi watu walio katika nchi zilizoufunga mtandao wa Tor wanavyoufikia kupitia miunganisho iliyovishwa umbo jingine. Mifano mingi imetoka China, Iran na Urusi, kwa kuwa huko ndiko mvutano baina ya wajenzi wa mbinu hizo na wadhibiti ulikodumu muda mrefu na kuchunguzwa kwa kina. Hoja inayotetewa ni kwamba umbo la kuazima halidumu kwa sababu tu ya kufanana sana na kitu kingine. Hudumu kwa sababu ya hasara anayoiogopa mdhibiti iwapo atakifunga kitu hicho pamoja nalo. Neno mdhibiti linatumika hapa kwa maana ya mamlaka inayoagiza mawasiliano yafungwe, pamoja na mitambo na kampuni zinazotekeleza agizo hilo.

Kutojulikana na kutofungwa

Tor ni matokeo ya utafiti wa kusafirisha ujumbe kwa tabaka za usimbaji fiche, mfano wa maganda ya kitunguu, ulioanzishwa katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990. Muundo unaotumika sasa ulielezwa na Dingledine, Mathewson na Syverson (2004). Kompyuta ya mtumiaji huchagua vituo vitatu miongoni mwa maelfu yanayoendeshwa na watu wa kujitolea, kisha huufunga ujumbe kwa tabaka tatu. Kila kituo hubandua tabaka moja. Kituo cha kwanza humjua mtumaji lakini hakijui ujumbe unakokwenda. Cha mwisho hujua unakokwenda lakini hakimjui mtumaji. Cha katikati huwajua jirani zake wawili tu.

Muundo huo unajibu swali la nani anawasiliana na nani. Hata hivyo, haujibu swali la pili, ambalo kwa mtu anayeishi chini ya udhibiti mkali huenda likawa zito zaidi: je, mtu huyu anatumia Tor? Mwanzoni swali hilo lilikuwa na jibu jepesi. Ili mtumiaji aweze kuchagua vituo, ni lazima apewe orodha yake, na orodha hiyo iko wazi kwa kila aitakaye. Mdhibiti naye huipakua, akaamuru mitambo iliyo kwenye mipaka ya mtandao wa nchi yake izikatae anwani zote zilizomo. China ilifanya hivyo Septemba 2009, siku chache kabla ya maadhimisho ya miaka 60 ya Jamhuri ya Watu wa China.

Jibu la wajenzi wa Tor lilikuwa daraja, yaani kituo cha kuingilia ambacho hakiorodheshwi hadharani. Anwani za madaraja hugawiwa chache chache kwa barua pepe, kupitia tovuti inayomtaka mwombaji athibitishe kuwa yeye si roboti, au ndani ya kivinjari cha Tor chenyewe. Ugawaji huo una tatizo ambalo mpaka leo halijapatiwa ufumbuzi kamili. Mwombaji hajulikani, na katika mtandao uliojengwa kwa ajili ya kuficha utambulisho haifai ajulikane. Basi mdhibiti hupanga foleni pamoja na wenye haja na kupokea anwani kama wao. Machi 2010, miezi sita tu baada ya orodha ya hadharani kufungwa, madaraja mengi yaliyokuwa yakigawiwa kwa njia hizo hayakufikika tena kutoka China.

Umbo linalosaliti

Hata daraja ambalo anwani yake haijavuja linaweza kusalitiwa na namna linavyozungumza. Kwa miaka mingi miunganisho ya Tor ilijaribu kufanana na ziara ya kawaida kwenye tovuti iliyolindwa kwa TLS, itifaki ile inayoonyeshwa na alama ya kufuli katika vivinjari. Tatizo ni kwamba TLS huanza na maamkizi, na sehemu ya maamkizi hayo hupita wazi kabla usimbaji fiche haujaanza. Januari 2011 Iran iliitambua Tor kwa namba moja iliyotumika katika kubadilishana funguo. Septemba mwaka huo huo iliitambua kwa muda wa vyeti: cheti cha daraja la Tor kilikuwa kikiisha baada ya saa mbili, ilhali vyeti vya tovuti za kawaida wakati huo vilidumu miezi mingi au zaidi ya mwaka. Wajenzi wa Tor waliurefusha muda huo na kutoa toleo jipya siku hiyo hiyo.

Tukio hilo la Septemba 2011 mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa haraka, na kwa upande wa kiufundi ndivyo lilivyo. Lakini linaacha jambo moja nyuma. Mdhibiti aliyeihifadhi kumbukumbu ya miunganisho ya siku zilizotangulia alikuwa tayari na alama ya kumwezesha kurudi nyuma na kuwabaini waliotumia Tor kabla ya marekebisho. Umbo likishindwa leo, linaweza kumfichua mtu kwa matendo ya jana, na hakuna toleo jipya la programu linaloweza kulirekebisha hilo.

China ilikwenda mbali zaidi. Winter na Lindskog (2012) walionyesha kwamba ukuta wa China ulikuwa ukiitambua orodha ya mbinu za usimbaji ambayo programu ya Tor huitaja katika salamu yake ya kwanza. Utambuzi huo peke yake haukuleta hukumu. Baada ya kushuku, mfumo ulituma kompyuta nyingine kutoka ndani ya China kwenda kwenye anwani iliyoshukiwa, ikajifanya mtumiaji wa Tor na kubisha hodi. Ikiitikiwa kwa lugha ya Tor, anwani na mlango wake hufungwa. Ensafi na wenzake (2015) walihesabu zaidi ya anwani 16,000 za wabishaji hodi hao, na kutokana na mfanano wa namba za ndani za pakiti zao wakabaini kwamba anwani zote hizo ziliendeshwa na michakato michache ya pamoja. Uchunguzi wa aina hii una faida kubwa kwa mdhibiti: humpunguzia makosa. Anayefunga kwa kushuku tu huwaumiza wengi wasiohusika. Anayebisha hodi kwanza hupata hakika kwa gharama ndogo.

Kutofanana na chochote

Februari 2012 Iran ilibana TLS yenyewe katika sehemu kubwa ya nchi. Kufanana na tovuti iliyolindwa hakukuwa tena na maana, kwa kuwa tovuti zilizolindwa nazo zilikuwa hazipiti. Hapo ndipo vilipoanza kutumika kwa wingi visafirishaji vya kuchomeka, yaani programu ndogo zinazokaa kati ya Tor na mtandao na kulibadili umbo la data bila kuigusa Tor yenyewe. Miezi michache baadaye Ethiopia nayo ilianza kuitambua na kuifunga Tor kwa kukagua ndani ya pakiti, na visafirishaji hivyo vikapata watumiaji katika Pembe ya Afrika.

Cha kwanza, obfs2, kilisimba kila kitu kuanzia baiti ya kwanza, hivyo mtazamaji aliona vurugu tupu. Udhaifu wake ni kwamba vipande vya kutengenezea ufunguo vilisafiri ndani ya muunganisho huo huo, na mdhibiti aliyejua kanuni aliweza kuufungua. Kilichofuata, obfs3, kiliziba pengo hilo lakini kiliendelea kumwitikia kila aliyebisha hodi. ScrambleSuit na kisha obfs4, kilichotoka 2014, ndivyo vilivyolishughulikia suala la hodi: anayeunganisha ni lazima athibitishe kwamba anaujua ufunguo wa daraja, alioupata pamoja na anwani kwa njia nyingine. Asiyeujua hajibiwi kitu. Kwa miaka kadhaa obfs4 ndicho kisafirishaji kilichobeba mzigo mkubwa kuliko vingine.

Lakini ukimya nao ni tabia. Frolov, Wampler na Wustrow (2020) walionyesha kwamba seva zinazokaa kimya mbele ya mgeni hutofautiana na seva za kawaida kwa muda zinaosubiri kabla ya kukata na kwa idadi ya baiti zinazozivumilia kabla ya kufanya hivyo. Seva nyingi za kawaida, zikitumiwa upuuzi, hujibu kwa ujumbe wa kosa. Inayosikiliza upuuzi wote bila kusema neno inajitenga na kundi.

Pigo zito zaidi kwa njia hii lilianza Novemba 2021, na maelezo yake yalitolewa na Wu na wenzake (2023). Ukuta wa China ulianza kufunga miunganisho iliyosimbwa yote kuanzia baiti ya kwanza bila kuhitaji kujua ni ya itifaki ipi. Kanuni zake ni nyepesi kiasi cha kushangaza. Hukagua pakiti ya kwanza yenye data na kuhesabu biti zenye thamani ya moja katika kila baiti. Data iliyosimbwa vizuri huwa na wastani wa karibu biti nne kati ya nane. Wastani ukiwa 3.4 au chini yake, au 4.6 au zaidi, muunganisho huachwa upite. Huachwa pia iwapo baiti sita za mwanzo ni herufi zinazochapika, iwapo zaidi ya nusu ya baiti zote ni za aina hiyo au zaidi ya ishirini kati yake zinafuatana, au iwapo mwanzo wake ni wa TLS au HTTP. Usioangukia katika msamaha wowote ndio hufungwa.

Kinachostahili kuzingatiwa hapa ni mantiki iliyogeuzwa. Awali mdhibiti aliorodhesha vinavyokatazwa. Sasa aliorodhesha vinavyoruhusiwa na kukifunga kisichofanana na chochote. Data isiyo na sura ilikuwa imegeuka kuwa sura yenyewe. Hata hivyo, watafiti hao hao walikadiria, kwa kupima mawasiliano ya chuo kikuu kimoja, kwamba kanuni hizo zikitumiwa bila kizuizi zingegusa takriban asilimia 0.6 ya miunganisho ya kawaida. Kwa nchi yenye watu wengi kama China, hiyo si hasara ndogo. Mdhibiti alionekana kulijua hilo: alizitumia kanuni hizo kwa safu za anwani za vituo vya data vya nje vinavyotumiwa sana na wakwepaji udhibiti, na hata huko alifunga takriban asilimia 26 tu ya miunganisho iliyostahili kufungwa. Huyu ni mdhibiti anayeweka hesabu ya makosa yake.

Kasuku na mwenyeji

Njia nyingine iliyopendekezwa ni kuiga itifaki mashuhuri ili kupita pamoja nayo. Katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010 zilibuniwa SkypeMorph, StegoTorus na CensorSpoofer, ambazo ziliiga simu za intaneti au ziara za tovuti. Houmansadr, Brubaker na Shmatikov (2013) walizikosoa kwa makala ambayo jina lake linatangaza kifo cha kasuku. Hoja yao ni kwamba itifaki halisi ina zaidi ya sauti. Skype halisi ilikuwa na muunganisho wa pembeni wa kuongoza mazungumzo, ilikuwa na namna yake ya kuitikia pakiti zilizopotea, na hata ilikuwa na kasoro zake za kiprogramu. Mwigaji ni lazima aige yote hayo, makosa yakiwamo. Mdhibiti anahitaji kupata tofauti moja tu.

Pendekezo lao lilikuwa kuacha kuiga na badala yake kusafiri ndani ya kitu halisi, na mbinu iliyolitekeleza wazo hilo kwa mafanikio makubwa ya mapema ni meek, iliyobuniwa na Fifield na kuelezwa kinadharia na Fifield na wenzake (2015). Meek ilitumia ukweli kwamba tovuti nyingi hukaa nyuma ya seva za pamoja za kampuni chache za wingu. Jina la kikoa hutajwa mara mbili katika muunganisho wa TLS: mara moja nje, mahali mdhibiti anapoliona, na mara nyingine ndani, mahali panaposomwa na seva ya wingu pekee. Mtumiaji aliandika nje jina linaloheshimika na ndani jina la kituo cha Tor. Kwa mdhibiti, hiyo ilikuwa ziara ya kweli kwenye seva za Google au Amazon, kwa TLS ya kweli. Ili kuifunga ilimlazimu azifunge huduma ambazo biashara za nchi yake zilizitegemea.

Hesabu hiyo ilikuwa na mshiriki wa tatu ambaye hakuulizwa, naye ni mwenye wingu. Aprili 2018 Google na Amazon zilizuia matumizi ya jina la nje lisilolingana na la ndani. Google ilieleza kwamba mbinu hiyo haikuwahi kuwa huduma yake rasmi. Mwezi huo huo Urusi ilikuwa ikijaribu kuifunga Telegram, iliyohamia kwenye wingu la kampuni hizo, na ilifunga mamilioni ya anwani za Amazon na Google, ikavuruga huduma nyingi zisizohusika. Mkasa huo unaifundisha nadharia ya hasara mambo mawili. La kwanza ni kwamba mdhibiti aliyekasirika anaweza kukubali hasara ambayo jana aliikwepa. La pili, ambalo halijadiliwi vya kutosha, ni kwamba ngao iliyojengwa kwa mali ya mtu mwingine hudumu kwa ridhaa yake, na kampuni ya biashara haina wajibu wa kubeba hasara kwa niaba ya wasomaji wa nchi ya mbali. Mjenzi anayeitegemea hasara ya mdhibiti ni lazima aseme wazi nani mwingine ataibeba.

Snowflake, iliyoingizwa katika toleo thabiti la kivinjari cha Tor mwaka 2021, iliusambaza mzigo huo kwa watu wengi. Mtu yeyote aliye katika nchi isiyo na udhibiti anaweza kuweka kiongezo katika kivinjari chake, na kwa muda ambao kivinjari kiko wazi, kompyuta yake huwa mlango wa kuingilia Tor. Mtumiaji aliyefungiwa huwasiliana kwanza na dalali, ambaye humpa mlango mmojawapo. Data husafiri kwa WebRTC, teknolojia ile ile ya simu za video ndani ya vivinjari. Milango hii huja na kuondoka, na muunganisho umeundwa kiasi kwamba mlango mmoja ukipotea, mazungumzo huendelea kupitia mwingine. Orodha ya anwani zake haina faida kwa mdhibiti, maana huchakaa upesi, na anwani zenyewe ni za nyumba za watu. Wakati wa maandamano ya Iran yaliyoanza Septemba 2022 kufuatia kifo cha Mahsa Amini, matumizi ya Snowflake yaliongezeka ghafla kuliko wakati wowote kabla yake.

Hata hivyo, kasuku alikuwa hajafa kabisa. Programu ya Snowflake haitumii WebRTC iliyomo katika Firefox au Chrome. Hutumia maktaba huru iitwayo Pion. Urusi ilipoanza kuifunga Tor Desemba 2021, iliitambua Snowflake kwa kiambatisho kimoja katika maamkizi ambacho maktaba hiyo ilikitoa na vivinjari halisi havikukitoa. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini inaonyesha kwamba mpaka kati ya kuiga na kupanda chombo halisi ni mwembamba kuliko ilivyodhaniwa 2013. Swali sahihi si kama itifaki ni ya kweli. Ni kama programu inayoizungumza inazungumza kama wenyeji wake wengi.

WebTunnel, iliyozinduliwa Machi 2024, inaurudia umbo wa awali wa tovuti iliyolindwa, ila safari hii kwa tovuti ya kweli. Daraja hukaa nyuma ya seva halisi ya wavuti yenye cheti halali, na pengine yenye kurasa zinazosomeka. Mwenye anwani ya siri hupitishwa kwenye Tor. Mbishaji hodi huonyeshwa kurasa.

Pale hasara yote inapokubaliwa

Kwa Afrika Mashariki mjadala huu una mpaka ambao fasihi ya China na Iran haiuzingatii sana. Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, watu wengi waliikwepa kodi hiyo kwa VPN za kawaida. Hapakuhitajika umbo la kuazima, kwa kuwa hapakuwa na mtazamaji aliyeyachunguza maumbo kwa kina. Tanzania ilichukua mkondo wa kisheria: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN wazisajili kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Agizo la namna hiyo linabadili kinachowekwa rehani. Ufunguaji wa njia hupimwa kwa kuuliza kama data imepita. Mbele ya sheria inayokigusa kifaa chenyewe, data inaweza kupita na mtumiaji bado akawa hatarini kwa programu iliyomo katika simu yake, jambo ambalo hakuna kisafirishaji kilichoelezwa hapo juu kinachodai kulikinga.

Mpaka wa pili ni kuzimwa kwa intaneti yote. Usiku wa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, Uganda ilikata intaneti nchini kote. Katika hali hiyo nadharia ya hasara haivunjiki. Inafikia mwisho wake. Mdhibiti amekubali kulipa hasara yote kwa mkupuo, na kwa kuwa hakuna mawasiliano ya halali yaliyobaki ya kujichanganya nayo, hakuna umbo la kuazima. Tofauti kati ya mdhibiti huyu na yule wa asilimia 26 si ya uwezo wa mitambo pekee. Mmoja anataka biashara iendelee kila siku ya mwaka. Mwingine anahitaji ukimya wa siku chache na yuko tayari kuulipia. Kukata huko kulidumu siku tano hivi. Intaneti iliporejeshwa tarehe 18 Januari, mitandao ya kijamii ilibaki imefungwa, na ilipofunguliwa mwezi uliofuata, Facebook haikuwamo.